Bado Wapo Ndani

Siku ya kumi na tisa tangu mama yake akatae kuoga, Badia alinyunyiza chumvi katika pembe nne za bafu, akafukiza ubani uliochanganywa na mbegu za harmali, kisha akainama juu ya tundu la maji machafu na kusema nalo kwa adabu, kama mtu anayeomba njia.

"Majirani, tusameheni. Kama tuliwamwagia maji ya moto bila kutaja jina la Mungu, hatukukusudia. Mpisheni mama aoge tu, halafu tutawaachia mahali penu."

Hakuna mtu wa mtaa wa Berrima, mjini Meknes, asiyejua kwamba penye maji ya moto na giza hapakosi wenyewe, na kwamba wenyewe hao hawapendi kuingiliwa. Badia alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na mitano kati ya hiyo alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya msingi. Ungemuuliza sebuleni mbele ya wageni, angekuambia mambo ya majini ni hadithi za kutuliza watoto. Lakini sebuleni ni sebuleni. Bafuni, akiwa peke yake, na mama yake amesimama mlangoni akitazama ndani kwa macho yanayoona kitu, Badia alikuwa mtu mwingine.

"Njoo, mama. Maji yako tayari. Nimetia na maji ya maua ya chungwa, unayoyapenda."

Lalla Yamna, kama mtaa ulivyomwita mama huyo kwa heshima, alichungulia. Alitazama kigoda cha plastiki, ndoo mbili, sifongo laini ya watoto aliyonunuliwa ili asiumizwe, na moshi wa ubani uliokuwa ukizunguka taa. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kuuvuta mlango taratibu, kama mtu anavyoufunga mlango wa chumba walimo wageni.

"Bado wapo ndani," alisema.

Jibu lake lilikuwa hilo hilo siku zote kumi na tisa. Asubuhi, wapo. Baada ya sala ya adhuhuri, bado wapo. Hakulisema kwa woga. Alilisema kwa subira, kama anamweleza mtoto jambo ambalo mtoto huyo angepaswa kulijua mwenyewe.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeingia nyumbani miaka mitatu nyuma, ukaanza kwa funguo na sufuria, ukafika kwenye majina. Mwaka wote ule Lalla Yamna hakuwa amelitaja jina la binti yake. Alimwita "dada". Siku nyingine alimwita "mwalimu", na siku akikasirika, "yule mwanamke". Mikono yake ilikuwa imesahau vifungo vya nguo na njia ya kijiko kwenda mdomoni, na Badia alijifunza kumfunga vifungo, kumlisha, na kuitika kwa jina lolote alilopewa. Yote hayo aliyaweza. Kuoga ndiko kulikomshinda.

Siku ya tisa walikuwa wamejaribu kwa nguvu. Wifi yake alikuja kutoka Kenitra kusaidia, wakamshika wawili, mmoja huku na mmoja huku, wakaanza kumvua kanzu. Lalla Yamna, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alilia. Hakulia kwa hasira, alilia kwa aibu. Alijikumbatia kifuani na kurudia, "Mbele za watu. Mbele za watu." Badia aliiachia mikono ile kana kwamba imemuunguza. Usiku ule aliapa kwamba maadamu yeye yupo hai, hakuna atakayemshika mama yake namna hiyo tena.

Muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, Ghizlan, alifika siku hiyo hiyo ya kumi na tisa, Alhamisi, saa nne. Alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, na kila alipokuja alifanya mambo mawili ambayo Badia hakumwona mtu mwingine akiyafanya: alimsalimu mgonjwa kabla ya mwenye nyumba, na alizungushia viganja vyake birika la chai mpaka vipate moto kabla ya kumgusa.

"Lalla Yamna, niruhusu nitazame kidogo."

"Tazama, binti. Kutazama ni bure."

Ghizlan alitazama chini ya matiti, akatazama mikunjo ya mapaja. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, mbichi, na ilikuwa imeanza kunuka. Alipaka dawa, akafunika, akamshukuru mgonjwa. Hakusema kitu mpaka walipokuwa jikoni.

"Sitakuficha, Lalla Badia. Hii inaingia ndani. Dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Nikirudi Jumatatu nikaikuta hivi, itanibidi niandike alazwe."

"Nitakaa naye huko?"

"Saa za kutazama wagonjwa tu."

"Na kuoga?"

Ghizlan alikuwa akifunga begi. Aliacha kulifunga. "Watamwogesha wao. Watatu au wanne. Si watu wabaya, naapa. Wana wagonjwa wengi na saa chache."

Badia alitikisa kichwa kama anayekubali, ila alikuwa akiisikia ile sauti ya siku ya tisa, mbele za watu, mbele za watu, safari hii mahali ambapo yeye hatakuwepo kuiachia mikono.

"Na wewe, nani anakutunza?" Ghizlan aliuliza.

"Mimi siumwi."

"Sikuuliza kama unaumwa. Nimekualika mara ngapi kwenye kikao chetu cha Jumatano, cha watu wanaouguza jamaa zao?"

"Huyu nimwache na nani?"

"Kila anayekuja alisema hivyo hivyo. Bwana Abdeslam anakuja na mkewe, anamkalisha pembeni anamenya njegere. Tena ametuma salamu kwa wote wasiofika. Anasema, 'Waambieni wasibishane. Mimi nilibishana na mke wangu miaka miwili, akanishinda yote. Siku hizi akiniambia kuna treni sebuleni, namuuliza inakwenda wapi.'"

Badia alicheka. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ghizlan alipoondoka, Badia aliona kwamba glasi za chai zilikuwa zimeoshwa na kupangwa juu ya kitambaa, na wala hakumwona alipozisafisha.

Alasiri alikaa karibu na mama yake, akajaribu somo la Bwana Abdeslam.

"Mama, humo ndani wapo nani?"

Lalla Yamna aligeuka. Uso wake ulichangamka namna ambavyo Badia hakuwa ameuona kwa miezi. "Nani? Mke wa mwuza mkaa na mabinti zake watatu. Bi harusi wa mtaa wa Zitun na shangazi zake, hao hata sabuni hawajapaka. Na yule mrefu, anayemaliza maji ya wenzake."

Nywele zilimsimama Badia. Alikuwa akidhani jini ni mmoja, labda wawili. Kumbe ni ukoo mzima, na harusi juu.

Ijumaa mchana alikuja Mahjuba, kama alivyokuja kila Ijumaa, na bakuli la kuskusi lililofungwa kwa kitambaa. Mahjuba alikuwa amepita miaka sabini na mitano. Alikuwa amekaa mlangoni mwa hamamu ya mtaa, nyumba ya watu wote ya kuogea kwa mvuke, akilinda nguo za wanawake, miaka yote ambayo Lalla Yamna alikuwa ndani akiwasugua. Ngazi za nyumba ya Badia zilikuwa arobaini na moja, na alizipanda zote.

"Fungueni," alisema mlangoni. "Magoti nimeyaacha ghorofa ya kwanza, nimefika bila ya hayo." Aliingia, akambusu rafiki yake kichwani. "Yamna wewe, bado una mashavu. Ya kwangu nilishayatoa sadaka."

"Umenenepa," Lalla Yamna alimwambia.

"Ananikumbuka," Mahjuba alimwambia Badia kwa furaha. "Hilo amekuwa akiniambia tangu tukiwa wasichana."

Walikula. Mahjuba alimlisha rafiki yake mboga laini, boga na karoti, akizisaga kwanza kwa vidole kuwa vidonge kama walivyofanyiwa na mama zao. Walipofika kwenye maziwa ya mgando, Badia alisogea akamnong'oneza.

"Lalla Mahjuba, nyumba imeingiliwa."

"Na nani?"

"Wa bafuni. Nimetia chumvi, nimefukiza, nimesoma Kurani, hawatoki. Mama anawaona. Hata majina anayo." Akaanza kuwataja, bi harusi na shangazi zake, yule mrefu wa maji, mke wa mwuza mkaa.

Mahjuba alikuwa ameinua glasi. Glasi ilibaki hewani. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha machozi yakamtoka, mpaka akalazimika kuiweka glasi chini na kujifuta kwa ncha ya skafu.

"Mke wa mwuza mkaa," alisema alipopata pumzi. "Na wale mabinti weusi ti kwa vumbi la baba yao. Tulikuwa tukiwaona wanaingia, tunajua leo tutachelewa. Majini, mwalimu mzima? Hao ni wateja, mwanangu."

Badia hakuelewa.

"Wateja wa mama yako. Wewe umeona wapi tayaba, msuguaji wa hamamu, anaoga na wateja bado wapo ndani? Sisi tulioga mwisho. Mwanamke wa mwisho akishatoka, kabla zamu ya wanaume haijaingia, ndipo tulipata robo saa yetu. Miaka thelathini na minane, mama yako hakuwahi kumtangulia mteja. Hata siku moja. Akiwa na mimba yako, miguu imemvimba, alisubiri. Sasa wewe unakuja saa tano asubuhi, unamwambia avue nguo mbele za watu aliowekwa awahudumie."

Badia aliiweka mikono mapajani. Alikumbuka lile neno la siku ya tisa, na akaona kwamba mama yake hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa amewaambia ukweli wote kwa maneno matatu, na hakukuwa na mtu wa kumsikia.

"Nitawatoaje?" aliuliza. "Nitawatoaje watu ambao hawapo?"

"Wateja hawatolewi. Wanasuguliwa, wanatoka wenyewe." Mahjuba alimtazama kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya mikono. "Na wewe, mara ya mwisho kwenda hamamu ni lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Hii iliyoisha juzi?"

"Ile nyingine."

Safari hii Mahjuba hakucheka. Alinyoosha mkono akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, kwa muda mrefu, kama anayepima joto la mtoto.

"Basi mteja tunaye," alisema. "Nisikilize. Ukiingia mle usimwite mama. Usimwelekeze. Usimwombe kitu, mteja haombi. Kaa, mpe mgongo, nyamaza. Na hiyo sifongo ya watoto itupe, unamdhalilisha."

Jumamosi saa sita mchana simu iliita. Alikuwa kaka yake, Larbi, kutoka Kenitra. Alipiga kila siku saa hiyo, hata siku alizokuwa hana la kusema.

"Nimeulizia," alisema. "Jumatatu kitanda cha hospitali kitakuwepo."

"Ngoja Jumatatu yenyewe ifike."

"Badia, utaanguka wewe."

"Nikianguka nitakupigia."

"Hutapiga. Ndiyo maana napiga mimi."

Saa tisa Badia alichemsha maji mengi kuliko siku zote, akafunga dirisha la bafu, akaacha mvuke ujae mpaka vigae vikatoa jasho. Kutoka kwenye kasha la mama yake alikuwa ametoa kisi, ile glavu nyeusi ya kusugulia, inayokwaruza kama ulimi wa paka, akaiweka ukingoni mwa ndoo pamoja na kopo la sabuni nyeusi ya zeituni. Kisha akavua nguo, akajifunga taulo kiunoni, akakaa kwenye kigoda na kuupa mlango mgongo.

Alikaa. Mvuke ulianza kupoa mabegani. Alijiona mjinga, mwanamke mzima na nywele za mvi, amekaa uchi akisubiri ahudumiwe na mgonjwa asiyejua kijiko. Alikuwa karibu kuinuka aliposikia ndala zikija ukumbini, polepole. Zikasimama mlangoni. Badia hakugeuka. Nyuma yake ilisikika sauti ndogo ya kitambaa, mkono wa kanzu ukikunjwa, kisha wa pili, kisha pindo likichomekwa kiunoni.

"Nani anafuata?"

"Mimi," Badia alisema.

"Umepaka sabuni?"

"Bado."

"Anakuja kwa tayaba hajapaka sabuni. Wasomi hawa."

Ndoo ikasogezwa. Badia aliwaza moja kwa moja juu ya kuungua, maana mama yake hakuwa akijua tena moto na baridi, na mwezi uliopita alikuwa ametia mkono kwenye chai. Lakini Lalla Yamna alichovya kiwiko kwenye ndoo ya moto, akachota kopo, akachota lingine kwenye ndoo ya baridi, akachanganya, akachovya kiwiko tena, akaongeza baridi kidogo sana, kiasi cha kujaza kiganja. Ndipo akamwagia. Maji yalishuka begani kwa Badia yakiwa na joto ambalo yeye mwenyewe, akijiogea kila siku kwa haraka na mlango wazi, hakuwahi kulipata.

Sabuni ilifuata. Kisha kungoja, kwa sababu ngozi lazima ilainike, na Lalla Yamna alijua muda wake bila saa. Alimwimbia midomo imefumba. Kisha akasuuza, akavaa kisi, akavuta mkono wa Badia mpaka ukanyooka kabisa juu ya goti lake.

Badia aliutazama mkono wake ule kama si wake. Vidole vya mama yake, vile vilivyohangaika na kifungo kimoja nusu saa, sasa vilikwenda kutoka kwenye kifundo hadi begani kwa msuguo mmoja mrefu, visirudi, visisite, vikainuka na kuanza tena upande wa pili wa mstari ule ule. Havikupita mahali mara mbili. Havikuruka mahali. Ngozi iliyokufa ilitoka ikiviringika kama tambi nyembamba za kijivu, na Lalla Yamna alizikusanya kwa kidole akamwonyesha kwa fahari.

"Tazama. Ungeweza kupika supu. Mumeo anakuvumilia vipi?"

"Sina mume."

"Alikuwa na akili, alikimbia." Akapiga kofi jepesi juu ya goti, mara mbili, na mwili wa Badia uligeuka wenyewe, kama ulivyokuwa ukigeuka akiwa na miaka sita.

Mgongoni, mkono ulisimama. Kidole gumba kilitafuta chini ya mfupa wa bega, kikaondoka, kikarudi, kikakandamiza mahali pamoja. Maumivu yalipanda mpaka nyuma ya macho. Ni hapo hapo alipobebea, kila alipomwinua mama yake kitandani, na hakuwa amemwambia mtu.

"Hapa," Lalla Yamna alisema. "Unabeba nini wewe?"

Badia alinyamaza kama alivyoagizwa, lakini kidole hakikuondoka. Kilisubiri.

"Namtunza mama," alisema mwishowe. "Anaumwa. Amenisahau."

Kopo la maji. Kopo lingine. Maji yalikuwa na sauti nzuri.

"Anakula?"

"Anakula."

"Anacheka?"

"Mara moja moja."

"Basi una kazi nzuri." Kidole kilianza kuzunguka polepole, na kile kilichokuwa kigumu kama kokwa kikaanza kulegea. "Mimi nina binti. Mdogo. Nimemwacha kwa jirani mpaka wanawake watoke. Chakula wanampa, hali. Ananisubiri. Narudi usiku nimekwisha kabisa, sina mkono wala mguu, namkuta ameegemea ukuta, macho mekundu, na sahani yake haijaguswa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Namla kwa macho. Nasema, huyu Mungu alinipa kwa makosa, alikuwa wa mtu mwingine mwema zaidi."

Badia alishika ukingo wa kigoda. Aliukumbuka ukuta ule, ubaridi wake mgongoni, na harufu ya sabuni nyeusi iliyotangulia kuingia kabla ya mama yake. Alikuwa amedhani siku zote kwamba mama hakuwa akiiona ile sahani.

"Anaitwa nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Badia," mama yake alisema. "Anaitwa Badia."

Alilisema jina lote, taratibu, akiwa bado anasugua, kama mtu anayetaja kitu alichokiweka mahali salama na anajua mahali penyewe. Badia hakugeuka. Alihisi kwamba akigeuka, au hata akipumua vibaya, kitakachoharibika hakitatengenezeka. Machozi yalimshuka, ila mahali pale palikuwa pa maji, na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Alikuwa amedhani kwamba mama yake amekwenda, na kwamba yeye ameachiwa nyumba tupu ya kuifagia. Kumbe alikuwa humo muda wote, kazini, akifanya haraka amalize arudi kwa mtoto.

Lalla Yamna alimsuuza kichwa, akamkinga macho kwa kiganja ili sabuni isiingie. Alimfunga taulo kichwani kwa fundo la pembeni, ambalo Badia hakuwahi kuliweza. Akampiga kofi dogo la mgongo, kuonyesha kwamba ni safi.

"Afya, binti. Toka polepole, utashikwa na baridi. Kula chungwa."

Badia alitoka. Alikaa ukumbini kwenye zulia, amejifunika koti la sufu, mwepesi kama aliyevuliwa kitu kizito na kukuta chini yake bado yupo. Ndani, ndoo zilisogezwa. Maji yalimwagwa sakafuni na kusukumwa kwa mguu kuelekea kwenye tundu. Kisha sauti ikaita, sauti ya kazi, ya kupita vyumba vitatu vyenye mvuke mpaka mlango wa nje:

"Mahjuba, nani amebaki?"

Badia alifunga macho. "Hakuna, Lalla Yamna," alijibu. "Wameshatoka wote. Umebaki wewe."

Halafu akasikia kanzu ikivuliwa na kutundikwa. Hakuna aliyemshika. Maji yakaanza kumiminika, kopo baada ya kopo, na pamoja nayo ule wimbo wa midomo iliyofumba. Badia alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya kwanza, asiyetaka hata kusogea. Baada ya muda mlango ulifunguka kiasi cha upana wa mkono.

"Wewe uliyekaa hapo. Mgongo siufikii."

Badia akaingia, akavaa kisi. Alimsugua mama yake mgongo, mwembamba, wenye alama kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na mama yake akainua mikono mwenyewe, akageuka mwenyewe alipopigwa kofi dogo juu ya goti. Palipochubuka Badia alipasuuza kwa maji matupu ya vuguvugu, mara nyingi, mpaka palipokuwa pekundu pakawa pekundu safi. Lalla Yamna alikuwa amefumba macho. Alionekana amechoka, kama mtu aliyemaliza siku yake na hadaiwi na mtu.

Jumapili Larbi alipopiga, Badia alimwambia asubiri bado, na hakueleza kwa nini, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Jumatatu saa nne Ghizlan alimsalimu mgonjwa, akapasha mikono kwenye birika, akafunua bandeji. Alitazama upande mmoja, akatazama wa pili. Hapakuwa pamepona, ila palikuwa pakavu, na ile harufu haikuwepo.

"Mlimshika wangapi?"

"Hakushikwa na mtu."

Badia alimweleza, akiwa amesimama, huku akikunja na kukunjua taulo. Ghizlan alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alitoa kwenye begi karatasi ya kulazwa hospitali, iliyokwisha kuandikwa jina la Lalla Yamna juu, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Niliandika jina jana nyumbani," alisema. "Nilijua nikiliandikia hapa mkono utanikataa. Utafanya hivyo kila siku ya pili?"

"Kila siku ya pili. Mimi kwanza, halafu yeye."

"Utakuwa mwanamke safi kuliko wote Meknes. Uje Jumatano uwaambie wenzako. Mlete naye."

"Tutakuja," Badia alisema, na alishangaa kwamba alimaanisha.

Lalla Yamna alikuwa ameushika mkono wa Ghizlan. Aliugeuza, akakitazama kiganja, kimepasuka kwa kuoshwa oshwa na dawa kali, akapanda mpaka kiwikoni, akabonyeza bega lililozoea kamba ya begi.

"Huyu naye amesimama tangu asubuhi," alimwambia Badia, kwa sauti ya kulaumu kidogo. "Vua koti, binti. Zamu yako imefika."

Ghizlan alikuwa na nyumba nne nyingine za kutembelea kabla ya adhuhuri. Alimtazama Badia, akamtazama yule mzee aliyekwisha kuanza kukunja mikono ya kanzu yake. Akavua saa, akaiweka juu ya meza kando ya birika, na Badia akaenda kujaza ndoo.